Bata Bukini wa Mjomba

Sisi watu wa mjini tukimtaja bata, aghalabu tunataja kitoweo. Tunamnunua mkesha wa sikukuu, tunamfunga mguu kwa kamba uani, na asubuhi yake watoto wanamlilia kidogo kabla ya kumla. Sikuwahi kudhani kwamba ndege huyo anaweza kumfundisha mtu mzima adabu. Lakini katika kipupwe cha mwaka 2024, bata bukini wawili wa kijiji cha Engaresero walinifundisha, na ada ya somo hilo ilikuwa kubwa. Naieleza habari hii, ndugu msomaji, kwa kuwa naamini wengi wetu tuna mzee mahali fulani ambaye tunataka kumhamisha kwa wema wetu.

Mjomba wangu ni Mwiraqw wa Karatu. Ni mmoja wa vijana walioingizwa katika ualimu baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974, nchi ilipoazimia kuwapatia watoto wote elimu ya msingi bila ya kungoja miaka mingi. Alifundisha katika shule kadhaa za Ngorongoro, akamalizia Engaresero, na alipostaafu hakurudi kwao. Alijenga hapo hapo nyumba ya vyumba viwili, akakaa na mkewe. Mungu hakuwajalia watoto. Januari mwaka ule mkazamjomba alifariki dunia, akazikwa chini ya mgunga, hatua chache kutoka mlangoni. Basi kikao cha ukoo kikakata shauri kwamba mzee asibaki peke yake, na mimi nikatumwa kwenda kumchukua kumleta Dar es Salaam. Chumba kilikwisha kutandikwa.

Kutoka Mto wa Mbu barabara huelekea kaskazini kupitia Selela na Engaruka, ukuta wa Bonde la Ufa ukiwa mkono wa kushoto, vumbi likiwa kila upande. Mbele husimama Ol Doinyo Lengai, ambao Wamaasai huuita Mlima wa Mungu, mlima uliotapika majivu kwa nguvu mwaka 2007 na 2008. Ukiupita mlima huo unaliona Ziwa Natron likimeta, na ukingoni mwake mstari wa rangi ya waridi. Hao ni heroe. Inakadiriwa kwamba katika kila heroe wadogo wanne duniani, watatu wameanguliwa katika ziwa hilo.

Nilipofika kwa mjomba, aliyenilaki kwanza hakuwa yeye. Dume la bata bukini, jeupe, lenye shingo ndefu kama mpini wa jembe, lilinijia mbio huku limeinamisha kichwa karibu na ardhi, limetanua mabawa, na kutoa sauti kama ya nyoka. Niliangusha mzigo nikarudi nyuma. Koko mmoja wa Kimaasai, jirani wa mjomba, alicheka mpaka akashika kiuno. "Hao ndio ng'ombe wa mwalimu," akasema. "Hawana maziwa wala nyama ya kuliwa na mtu, lakini wana maneno!" Wamaasai kwa mila yao ya asili hawali ndege, na koko alikuwa bado hajaelewa kwa nini mtu mwenye akili zake afuge viumbe hao.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Usiwaogope. Wanauliza tu wewe ni nani."

Bata wale walikuwa wa marehemu. Alikuwa amewanunua Karatu wakiwa vifaranga, mwezi wa Juni, wakati ambapo ukungu huteremka kutoka msitu wa Ngorongoro na watu hukaa na mablanketi hadi saa nne za asubuhi. Kifaranga asiye na mama hawezi kuihimili baridi hiyo, kwa kuwa hana bado manyoya ya kikubwa. Mkazamjomba aliwaweka katika boksi lenye maranda makavu, pamoja na chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa kitambaa, akawa anaamka usiku kuibadilisha. Walipopata nguvu aliwateremsha nao Engaresero katika basi, boksi likiwa mapajani. Tangu siku hiyo walimfuata kila aendako: mtoni, dukani, hata kanisani.

Jambo hilo si ajabu. Konrad Lorenz, mtaalamu wa Austria aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1973 pamoja na wenzake wawili, alionyesha kwamba kifaranga wa bata bukini akishaanguliwa humshika kuwa mama yake kiumbe cha kwanza anachokiona kikitembea mbele yake. Vifaranga wa Lorenz walimfuata yeye, naye akaogelea nao ziwani kama mzazi.

Nilikaa na mjomba, na kila jioni nilianzisha mazungumzo ya safari. Naye kila jioni alijibu, "Na hawa bata atawalisha nani?" Nililiona jibu hilo kuwa kisingizio cha mzee mkaidi. Nikasema tutawauza. Nikasema, Mungu anisamehe, kwamba hata wakichinjwa si hasara. Mjomba hakukasirika. Alifanya alivyozoea kufanya kwa miaka arobaini: alinifundisha.

"Kipupwe cha Karatu na cha huku ni viwili mbalimbali," alisema. "Karatu adui ni unyevu. Bata mzima haogopi baridi. Chini ya manyoya ya juu ana manyoya laini yanayoshika joto, na karibu na mkia ana tezi ya mafuta anayojipaka kwa mdomo. Hata miguu yake mitupu ina hekima. Damu ya moto inayoshuka hupita ubavuni mwa damu baridi inayopanda, ikaipasha joto, kwa hiyo joto la mwili halipotei ardhini. Ukimwona amesimama kwa mguu mmoja, anaupumzisha ule mwingine ndani ya manyoya. Lakini ukimlaza juu ya matandiko yaliyolowa, utampoteza. Huku kwetu adui ni upepo, ukame na wanyama. Majani yanakauka, naye ni mla majani kama ng'ombe. Ndiyo maana nawapeleka mtoni asubuhi na jioni, penye majani mabichi na maji yasiyo na magadi. Bata ni lazima atumbukize kichwa kizima majini asafishe macho na pua. Karai la kina kifupi halimtoshi."

Akanifundisha pia kusoma shingo. Shingo iliyonyooka wima, kichwa kimya, maana yake ni zamu: mmoja akila, mwenzake hutazama. Shingo iliyonyoshwa chini, na ile sauti ya nyoka, ni onyo. Wala si ubaya wa tabia, bali ni hofu kwa ajili ya mwenzake. Dume likishamfukuza adui humrudia jike lake mbio, na wote wawili hunyosha shingo pamoja na kupiga kelele kwa furaha. "Kelele hizo mjini mngeziita fujo," alisema mjomba. "Hizo ni salamu za nyumbani."

Nilisikia, lakini sikuelewa. Siku ya tano mjomba alikwenda Karatu kufuatilia pensheni yake, akaniachia agizo moja: "Wafungie kama ulivyoniona nikiwafungia." Banda la bata lilikuwa chini ya dirisha langu, na kwa usiku nne mfululizo nilikuwa nimeamshwa na makelele yao kila punda alipopita. Nikajiambia kwamba usiku mmoja haudhuru. Nikalikokota banda, ambalo ni fremu ya mbao na seng'enge, nikalipeleka nyuma ya jiko la zamani, mwisho wa uzio, mahali ambapo miiba ilikuwa imelegea.

Usiku wa manane walilia. Nilisikia vizuri kabisa. Nikasema moyoni, punda hao tena, nikajifunika shuka kichwani. Mimi ambaye niliwahi kusoma jinsi bata bukini walivyowaamsha walinzi wa Roma adui walipopanda ngome usiku, karibu mwaka 390 kabla ya Kristo, niliwasikia wangu nikalala.

Asubuhi nilikuta seng'enge imepasuliwa, manyoya meupe yametapakaa, na alama ya kitu kilichoburutwa hadi nje ya uzio. Nyayo zilikuwa za fisi. Jike halikuwapo. Dume lilikuwa limejibana pembeni, bawa moja likivuja damu. Lilikuwa limepigana. Niliponyosha mkono halikunifokea. Nilitamani lingenifokea.

Heroe wa Natron hukuza watoto wao katikati ya matope na maji makali ya magadi, ambako fisi na mbweha hawathubutu kwenda. Ziwa ndilo uzio wao. Bata bukini wa nyumbani hana ziwa la namna hiyo. Silaha aliyopewa ni sauti, na sauti haina kazi pasipo mtu wa kuisikia.

Mjomba aliporudi nilimweleza yote, sikuficha hata lile la shuka. Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akachukua maji ya chumvi akaenda kuliosha bawa la dume. "Alikuwa anakuambia," alisema tu. Neno hilo nimelibeba mpaka leo.

Siku zilizofuata dume halikula. Lilitembea njia ya mtoni peke yake, likasimama pale walipozoea kuoga, likaita, likasikiliza, likaita tena. Mchana lilisimama mbele ya bati jipya la mlango wa stoo, ambamo liliona kivuli cha bata mwingine mweupe, na likakaa hapo mpaka jua lilipohama na kivuli kikapotea. Lorenz ameeleza kwamba bata bukini aliyefiwa na mwenzake huonyesha huzuni iliyo wazi. Hulegea, huinamisha kichwa, na hata wale aliokuwa akiwatisha humwonea. Nilikuwa nimefundishwa kusoma shingo, na sasa niliisoma bila ya mwalimu.

Ndipo nilipoanza kumwangalia na mjomba. Niliona kwamba kila jioni alikwenda mtoni na ndoo mbili, ingawa mtu mmoja hamalizi ndoo mbili. Niliona kwamba aliteka meza upande mmoja tu, akiuacha upande wa pili wazi, na kwamba ufagio alipoushika alianzia chini ya mgunga. Mambo hayo yote yalikuwa mbele ya macho yangu tangu siku ya kwanza, nami nilikuwa nikiyaita upweke unaotaka tiba ya kuhamishwa.

Jioni moja nikamwambia, kwa nia njema, kwamba nimemfahamu. Kwamba yeye na dume lile wana msiba mmoja. Akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu nifike.

"La hasha, mpwa wangu. Mimi si bata. Bata hajui aliyeondoka yuko wapi, ndiyo maana anaita. Mimi najua." Akaelekeza kidevu penye mgunga. "Mkinipeleka Dar es Salaam, hapo ndipo nitakapokuwa kama yeye."

Sikuutaja tena mji. Nilitaka kwenda Karatu kumtafuta jike jingine, angalau nilipe sehemu ya deni, lakini alinikataza. Alisema bata bukini huweza kupata mwenzi mpya, ila kwa wakati wake mwenyewe, na kumletea mgeni katikati ya msiba ni kuwatesa wote wawili. "Rekebisha uzio," alisema. Basi kwa siku mbili nilikata miiba pamoja na wajukuu wa koko, nikaliziba pengo, nikalirudisha banda chini ya dirisha. Usiku punda walipopita dume lilipiga kelele moja hafifu. Niliamka, nikatoka na tochi, nikalizungukia banda, nikarudi kulala. Nilifanya hivyo kila usiku mpaka nilipoondoka.

Nilirudi nyumbani peke yangu, na kikao cha ukoo hakikufurahi. Niliulizwa kama nilikwenda kumchukua mzee au kuchunga bata. Nilijibu kwamba nilikwenda kumhamisha mtu kabla ya kumsikiliza. Tulibishana, na mwisho tulikubaliana jambo dogo: badala ya mjomba kuletwa kwetu, watoto wetu watakwenda kwake kwa zamu kila likizo ya Juni, na koko atakuwa na namba zetu za simu.

Mjomba hupiga simu Jumapili jioni. Anasema bawa limepona, na dume limejitwalia kazi ya kuwalinda kuku, nao hawana habari. Asubuhi bado hupita mbele ya bati la stoo, lakini halikai. Kuhusu jike jipya, anasema, tutaona kipupwe kijacho. Nyuma ya sauti yake nilisikia juzi ile kelele ninayoifahamu, nikamwuliza kuna nini.

"Ngoja," akasema, "nitoke nikatazame."