Buti haijinyanyui

Nimepotea kwa wiki kadhaa, mniwie radhi. Kuna neno moja la Kiingereza lililonifunga mdomo, na leo nataka tulizungumze. Neno lenyewe ni "boot", lile tunalotumia kompyuta inapoanza kazi.

Ilikuwa hivi. Nilialikwa hapa Kitale kuzungumza na vijana wanaosomea kompyuta. Nikajigamba kwamba biashara yangu ya kuandika programu niliibuti mwenyewe, bila msaada wa mtu. Vijana wakapiga makofi. Nyuma kabisa alikuwa ameketi mjomba wangu wa Bungoma, aliyekuja Kitale kununua mbegu za mahindi.

Tukielekea stendi ya matatu akaniuliza, "Mpwa wangu, hiyo kubuti ni kufanya nini? Ni kuvaa gambuti?"

Nikacheka, lakini swali lake lilikuwa sahihi kabisa. Neno hilo kweli limetoka kwenye kiatu! "Boot" ni kifupi cha "bootstrap", yaani kile kitanzi kilichoshonwa kwenye buti ili ukivute mguu uingie. Mwaka 1834 gazeti moja la Marekani lilimkejeli mtu aliyedai kugundua mashine ya kujiendesha milele: sasa, likasema, ataweza kujivusha mto Cumberland kwa kuvuta kamba za buti zake. Kwa hiyo mwanzoni usemi huo ulikuwa mzaha, wa jambo lisilowezekana. Sisi tunasema kinyozi hajinyoi. Baadaye mzaha ukasahaulika, na kujiinua kwa kamba za buti zako kukawa sifa ya mtu aliyefanikiwa peke yake.

Katika miaka ya 1950 mafundi wa kompyuta wakaliazima neno hilo, kwa sababu walikuwa na fumbo la namna hiyo hiyo. Kompyuta haifanyi lolote bila programu iliyo ndani ya kumbukumbu yake. Lakini kuiingiza programu kwenye kumbukumbu nako ni kazi ya programu. Sasa ya kwanza itaingizwa na nani?

Mashine ya IBM 701, iliyotangazwa mwaka 1952, ilikuwa na kitufe maalumu cha kupakia. Ukikibonyeza, mashine inasoma biti 36 tu, zenye amri mbili. Amri hizo zinaita nyingine, na nyingine zinaita nyingine zaidi, mpaka programu yote inaingia. Kompyuta ya IBM PC ya mwaka 1981 iliendeleza mtindo huo: programu ndogo iitwayo BIOS hukaa kwenye chipu isiyosahau hata umeme ukikatika. Inakagua mashine, kisha inasoma baiti 512 za mwanzo za diski, na hizo ndizo zinazoanza kuuita mfumo endeshi. Mashine za leo zina utaratibu mpana zaidi, lakini bado kidogo ndicho kinachoita kikubwa.

Hayo yote nilimweleza mjomba pale stendi. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na hicho kidogo cha kwanza, kinajiweka chenyewe?"

Nikasema hapana, kinawekwa kiwandani.

"Basi yule mtamba wangu ndiye aliyekuwa kiwanda," akasema, akapanda matatu.

Sikuwa na jibu. Mwaka 2004 mjomba aliuza mtamba huko Bungoma, akapitia Webuye na Kiminini na fedha zikiwa ndani ya soksi, ili mimi ninunue kompyuta ya mtumba. Kwa mashine hiyo nilichapa barua na wasifu za watu, na usiku nikajifunza kuandika programu. Fedha zile sikuwahi kuzirudisha, wala yeye hakuwahi kuzidai. Nimesimulia safari yangu mbele ya watu mara nyingi, na mtamba sijawahi kumtaja.

Jumamosi iliyofuata nikaenda Bungoma. Nililala huko. Usiku, baada ya chakula, mke wa mjomba alifukia kaa moja la moto chini ya majivu. Alfajiri alilifukua, akaweka vijiti, akapuliza mara tatu, moto ukawaka. Nikasimama mlangoni nikitazama. Miaka yote hii nimekuwa nikitafuta namna ya kumweleza mteja BIOS ni nini, na hii hapa: ni kaa lililoachwa chini ya majivu na mtu aliyefikiria kesho. Tangu hapo nimeacha kulibeza neno letu la "kuwasha". Moto haujiwashi, na neno lenyewe linakumbuka kwamba kuna anayewasha. Kwenye skrini za programu yangu mpya nimeandika "washa", na litabaki hivyo.

Kabla ya kuondoka nilimpa mjomba bahasha. Nilidhani ataikataa, kama wazee wanavyofanya. Akaifungua, akahesabu noti zote polepole, kisha akanitazama.

"Mpwa wangu, hii ni bei ya mtamba ya mwaka gani?"

Mwisho wa mwezi naenda tena kumalizia. Na vijana wale wa Kitale wamenialika kwa mara ya pili. Safari hii nitaanza na mtamba.