Ndoo Ishirini za Maji

Nilihitimu chuo cha ualimu mwaka 1973, nikashika chaki hadi nilipostaafu mwaka 2011. Katika miaka hiyo wanafunzi wengi wamepita mikononi mwangu, na wengi nimewasahau majina. Yupo mmoja ambaye sijamsahau, na deni lake ndilo linalonifanya niandike kurasa hizi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nilikuwa mkuu wa shule moja ya sekondari ya mchanganyiko huko Mpanda. Siku hizo Mpanda ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Rukwa. Mkoa wa Katavi ulikuja kuundwa mwaka 2012. Mji ulikuwa mdogo, nao uliishi kwa kusikiliza treni. Reli ile ya kutoka Kaliua ilijengwa zamani kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi. Mgodi ulipofungwa mwaka 1960, reli ilibaki, ikawa mlango wetu wa kutokea duniani.

Sisi walimu wa rika langu tulilelewa katika Elimu ya Kujitegemea, aliyoitangaza Mwalimu Nyerere mwezi Machi 1967. Tulifundishwa kwamba shule isimtenge kijana na kazi za jamii yake. Mimi niliamini hivyo kwa moyo wote. Kwa hiyo kila mwezi wa Juni niliwapeleka wanafunzi wa Kidato cha Tatu mjini kwa majuma mawili wakajifunze kazi: stesheni ya reli, gereji, karakana ya seremala, kwenye jenereta za umeme. Nikisema wanafunzi, msomaji, nina maana ya wavulana. Wasichana walibaki shuleni wakimwagilia bustani, wakipika na kufanya usafi. Katika taarifa zangu niliandika kwamba wanafunzi wote walishiriki mafunzo kwa vitendo. Sikuona kuwa nasema uongo.

Mwezi Juni 1993 nilikuwa nikisoma orodha mstarini, msichana mmoja akanyoosha mkono. Alikuwa mpole, hodari wa biolojia, na kwao ni kijijini mbali na mji.

"Mwalimu, samahani," alisema. "Kuteka maji nimeanza nikiwa na miaka sita. Kupika nilifundishwa na mama. Sasa hapa shuleni nimekuja kujifunza nini?"

Wenzake wakacheka. Mimi niliona nimevunjiwa heshima mbele ya shule nzima. Nikampa adhabu: ndoo ishirini za maji nyumbani kwangu, kabla ya jua kutua. Aliziteka zote. Aliniamkia kila alipopita mlangoni, nami nikaitikia bila kumtazama.

Usiku mke wangu akaniuliza mtoto yule amekosa nini. Nikamweleza. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mwalimu, mtoto amekuuliza swali, wewe umemjibu kwa ndoo."

Sikulala vizuri. Lakini pia sikumwita yule binti nikazungumza naye. Niliona aibu, nikaiita aibu hiyo hadhi ya cheo. Shule ilipofunguliwa Januari 1994 kiti chake kilikuwa kitupu. Nikatuma mtu, akarudi na habari kwamba ameolewa. Siwezi kusema majuma mawili ya mafunzo mjini yangemwokoa; mambo ya nyumba za watu yana mizizi mirefu. Nasema tu kwamba aliuliza shule ina faida gani kwake, na mkuu wa shule hakuwa na jibu.

Mwaka huo nikawapeleka wasichana. Haikuwa kazi rahisi. Baadhi ya walimu walinionya kwamba mji utawaharibu, na onyo lao halikuwa la kipuuzi, kwani wapo watu wazima wanaomtazama mwanafunzi kama windo. Basi mimi na matroni tukapita ofisi moja baada ya nyingine. Tukaweka masharti: waende wawili wawili, kila mahali awepo mwanamke wa kuwapokea, au mtu mzima tuliyemjua, warudi kabla ya saa kumi na moja jioni, na kila mmoja awe na daftari la kujibu maswali matatu: leo nimeona nini, nimetenda nini, na somo gani la darasani limenisaidia.

Majuma mawili hayo tuliyaweka ndani ya mwaka wa masomo kwa makusudi. Nilikuwa nakumbuka Azimio la Musoma la mwaka 1974, lililotaka vijana wafanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu. Nia ilikuwa njema, lakini wasichana waliofika chuo kikuu walipungua, ikabidi waondolewe sharti hilo. Msichana akitolewa kwenye masomo ili akasubiri, kuna mambo mengi ya kumchukua njiani.

Nilisoma madaftari yote. Mmoja, aliyepelekwa maabara ya hospitali, aliandika kwamba vijidudu vya malaria alivikariri kitabuni, lakini siku ile aliviona kwa darubini katika tone la damu ya mtoto aliyekuwa akilia nje. Mwingine aliandika kwamba tangu utotoni alitaka kuwa nesi, na sasa amejua hawezi kustahimili kidonda; anataka hesabu. Wengine walimcheka. Mimi nilimpa alama za juu, kwani kujua lisilokufaa mapema ni elimu.

Wa tatu alikuwa kwenye ghala la bidhaa la stesheni, akajifunza kupima mizigo na kujumlisha hati. Baba yake, mkulima wa tumbaku, alikuwa amekwisha kufika kwangu mwezi Mei kuniambia kwa upole kwamba binti hataendelea, posa imeletwa. Nilimwomba avute subira hadi likizo, naye akakubali kwa kuniheshimu tu.

Julai nilimwona akija na binti na sanduku lake la bati.

"Mwalimu," alisema baada ya salamu, "nilidhani mnawafundisha Kiingereza tu. Huyu ameshika karatasi yangu ya mauzo, akajumlisha upya, akaona robota moja halikuandikwa. Kilo kumi na nane. Tumekwenda naye, wamerekebisha. Wale wa posa nimewaambia wasubiri."

Binti alimaliza Kidato cha Nne. Sitaki kumfanya baba yule mjinga aliyeelimika ghafla. Alikuwa mkulima mwenye akili, aliyetaka kuona mavuno kabla ya kuongeza mbegu. Sisi ndio tuliomnyima kuona.

Mengi yamebadilika. Tangu mwaka 2016 ada imefutwa hadi Kidato cha Nne, na tangu Novemba 2021 msichana aliyejifungua anaruhusiwa kurudi shuleni. Ni mambo makubwa. Hata hivyo, utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba katika Mkoa wa Katavi wasichana 45 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa tayari wamezaa au ni wajawazito; kwa nchi nzima walikuwa 27. Niliposoma tarakimu hizo sikuwaza serikali. Niliwaza kile kiti kitupu.

Kwa hiyo nawaambia walimu wakuu vijana wanaokuja kunijulia hali: msingoje mradi wala mfadhili. Piteni hospitali, benki, ofisi ya maji, hifadhi ya wanyama, na kwa mama mwenye duka la dawa. Ombeni siku kumi tu. Wekeni ulinzi, someni madaftari.

Na msichana akinyoosha mkono mstarini akauliza amekuja kujifunza nini, teremsheni hiyo orodha, mumsikilize mpaka mwisho.