Kazi ya ofisini haipotei, humshukia mwalimu

Kwa miaka mingi nilikuwa na msimamo mmoja, na walimu wengi wa Newala na Masasi bado wanao: idara ya elimu ya halmashauri ina watu wengi mno, shule hazina walimu, basi maafisa warudishwe wakashike chaki. Hesabu yake ilionekana haina ubishi. Shule ina walimu watano kwa madarasa saba, na huko mjini kuna afisa taaluma, afisa takwimu, afisa vifaa na vielelezo, afisa elimu ya watu wazima, wote walimu waliosomea kufundisha. Nililisema hilo kwenye vikao vya chama, nikalisema mbele ya madiwani.

Leo silisemi tena. Lililonitoa huko ni kazi niliyoiona nilipopewa kata nisimamie, enzi hizo tukiitwa Waratibu Elimu Kata.

Chukueni fedha. Tangu Januari 2016, elimu bila ada ilipoanza, ruzuku ya uendeshaji inaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Ni jambo jema, nami naliunga mkono hadi leo. Kiwango cha shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na 4,000 kati ya hizo hubaki juu kwa ajili ya vitabu. Shule ya watoto 300 inabakiwa na 150,000 kwa mwezi. Kwa kiasi hicho inatakiwa muhtasari wa kamati ya shule, bei za wazabuni, hati ya malipo, risiti, na tangu 2017 kila shilingi iingizwe kwenye FFARS, mfumo wa kompyuta wa hesabu za vituo vya huduma kama shule. Nani anafanya? Mwalimu mkuu na mwalimu mtunza fedha, maana shule haina karani. Wakitoka Mkunya kwenda Newala mjini kufuata benki na mtandao, asubuhi hiyo darasa la kwanza na la pili wanaunganishwa chumba kimoja, mwalimu mmoja mbele yao. Nimeingia katika chumba hicho. Watoto wa mbele wanasoma silabi ubaoni, wa nyuma wamegeukiana wanapiga soga, na mwalimu anafanya anachoweza.

Hapo ndipo nilipoelewa. Ukimwondoa mtu wa hesabu ofisini, hesabu haziondoki naye. Zinashuka hadi kwa yule aliye na watoto.

Kisha kuna kazi ambayo haionekani kwenye ikama yoyote. Huku kwetu Oktoba ni korosho, na mahudhurio yanaporomoka; mtoto yuko shambani anaokota. Likizo ya Desemba kuna jando na unyago, na zikichelewa kwisha, madawati ya Januari yana mapengo. Mwalimu wa darasa hawezi kuacha watoto thelathini akawafuate wanne. Anayekaa na mtendaji wa kijiji, wazazi, manyakanga na makungwi mpaka tarehe zikubalike ni afisa wa kata. Mwaka 2018 Serikali ilitugawia pikipiki 2,894 nchi nzima, na posho ya madaraka ya 250,000 kwa mwezi ilikuwa imeshaanza. Vilisaidia sana. Lakini nilikuwa bado natumia nusu ya juma nikijaza takwimu zile zile katika fomu tofauti, na pikipiki imesimama chini ya mkorosho.

Sisemi kila kiti cha ofisini kina kazi. Mwalimu wa msingi ana halmashauri iliyo chini ya TAMISEMI, ana Tume ya Utumishi wa Walimu inayompandisha daraja na kumshughulikia kinidhamu, ana Uthibiti Ubora wa Shule ulio chini ya Wizara ya Elimu. Wote wanamwomba taarifa. Barua yake ya kudai malimbikizo inapita k.k. Mwalimu Mkuu, k.k. Afisa Elimu Kata, k.k. Afisa Elimu, ndipo ifike kwa Mkurugenzi, na ikikwama masijala anapanda gari kuifuata mwenyewe, siku ya kazi. Kama kuna cha kupunguza, kipunguzwe hapo, kwenye milango na fomu.

Ombi langu kwa wanaopanga ikama ni hili. Kabla ya kuwarudisha maafisa madarasani, ajirini karani wa hesabu na takwimu kwa kila kata, mtu asiye mwalimu, ahudumie shule zake zote. Vijana wenye stashahada za uhasibu wapo hapa hapa vijijini, wanapulizia salfa kwenye korosho za watu. Mkitaka kuanza na kata chache, anzeni na zile ambazo mwalimu mkuu anafundisha vipindi kamili kama mwalimu mwingine yeyote.