Wimbo Mpya kwa Aliyenyamaza

Agizo la kumwimbia Bwana wimbo mpya limo katika Zaburi ya 33, ya 96, ya 98 na ya 149. Linarudiwa tena na tena, kana kwamba Roho Mtakatifu alijua kwamba sisi wanadamu tukishapata nyimbo tuzipendazo hatutaki kusumbuliwa. Mimi nimeimba sauti ya nne katika kwaya ya usharika wetu kwa zaidi ya miaka 30, na kwa muda mrefu nilitosheka na kitabu chetu cha nyimbo pamoja na Tenzi za Rohoni. Ni msiba ulionitoa nje kutafuta.

Mke wangu alifariki baada ya kuugua kwa miezi saba. Yeye aliimba sauti ya pili, na katika siku za matanga wanakwaya wenzetu na jumuiya waliimba nyumbani kwetu usiku na mchana. Nawashukuru mpaka leo. Lakini watu walipokwisha kutawanyika, niligundua jambo ambalo hakuna aliyenitahadharisha: karibu kila wimbo nilioufahamu ulikuwa umeimbwa kando ya jeneza lake. Mwimbishaji akianza tu, koo langu linafunga. Nilikuja ibadani, nikasimama pamoja na wengine, nikafungua kitabu, sauti isitoke. Kusali kwa maneno nako kulikuwa kugumu, kwa maana tangu utoto nimesali kwa kuimba. Zaburi ya 137 inawasimulia watu wa Mungu walipokuwa uhamishoni Babeli, vinubi vyao vimetundikwa mitini, wakijiuliza watawezaje kuimba. Nilikuwa nimeisoma Zaburi hiyo mara nyingi; mwaka ule niliishi ndani yake.

Mjukuu wangu, wakati huo akisoma sekondari, akaniwekea nyimbo kwenye simu. Akasema, "Babu, hizi huzijui, kwa hiyo hazitakuumiza." Baadhi ziliniumiza sana, ila ziliniumiza kwa namna iliyonifanya nilie mbele za Mungu badala ya kukaa kimya nikimpa mgongo. Tangu hapo nimeendelea kutafuta, na washarika wenzangu wamezoea kuniuliza baada ya ibada, "Mwalimu, wiki hii umesikiliza nini?" Hapa nawajibu kwa maandishi. Nitataja chache tu, za aina mbalimbali, na kwa kila moja nitasema kwa nini naipendekeza.

Wa kwanza unatoka kwa jirani zetu. Mwaka 1958, huko Kamina katika Katanga, padre Mfransisko kutoka Ubelgiji aliyeitwa Guido Haazen na kwaya yake ya vijana walitoa Misa iitwayo Missa Luba. Maneno ni yale yale ya Kilatini ambayo Wakatoliki wameyaimba kwa karne nyingi, lakini sauti na ngoma ni za Kongo. Sehemu ya mwanzo, ile ya kumwomba Bwana aturehemu, imefuata mtindo wa kasala, yaani wimbo wa maombolezo wa Waluba. Nilipoisikia mara ya kwanza sikuwa nayajua hayo. Niliyatambua kwa masikio: huyu anayeimba anaomboleza kama tunavyoomboleza sisi, mmoja akianza na wengine wakimpokea, na maombolezo yake ameyaelekeza kwa Mungu. Siku ile niliweza kusema, "Bwana, unirehemu." Nilikuwa sijasema neno hilo kwa wiki nyingi. Kwaya ya Muungano ya Kenya, ikiongozwa na Boniface Mganga, nayo iliirekodi Misa hiyo, na mwenye kupenda kwaya kubwa aanze na hiyo.

Wa pili ni wa Wamarekani weusi, na nitakaa hapa kidogo kwa sababu habari yake inawahusu wafiwa wote. Thomas Dorsey alizaliwa mwaka 1899 huko Georgia, mtoto wa mhubiri. Alipokua alipiga piano katika muziki wa bluzi, akijulikana kama Georgia Tom, na nyimbo nyingine za wakati huo hazikuwa za kuimbwa mbele ya mama mkwe. Baadaye alianza kutunga nyimbo za injili kwa piano ile ile na mapigo yale yale, na makanisa mengi yalimkataa yakisema analeta muziki wa baa madhabahuni. Mwezi wa Agosti mwaka 1932 alisafiri kutoka Chicago kwenda St. Louis kuimba katika mkutano wa uamsho. Akiwa huko ilimfikia simu ya maandishi: mke wake, Nettie, amefariki katika uzazi. Aliporudi nyumbani, mtoto mchanga naye akafa. Dorsey aliwaza kuachana kabisa na nyimbo za injili. Siku chache baadaye, ameketi mbele ya piano, akichukua sauti ya wimbo wa zamani wa kanisa, alitunga "Take My Hand, Precious Lord". Ni sala ya mtu aliyechoka anayemwomba Bwana amshike mkono amwongoze hadi nyumbani. Hakuna ndani yake maelezo ya kwa nini mke alikufa.

Usikilize kwa sauti ya Mahalia Jackson, aliyeuimba pia katika mazishi ya Martin Luther King mwaka 1968. Usijali kama Kiingereza chako ni kidogo. Anavyoivuta pumzi kabla ya kila mstari, mfiwa yeyote ataelewa.

Wa tatu utawashangaza baadhi yenu, kwa kuwa ni jazi na karibu wote hauna maneno ya kuimbwa. John Coltrane, mpiga saksafoni ambaye babu zake wote wawili walikuwa wachungaji wa Kimethodisti, alikuwa mtumwa wa heroini na pombe. Mwaka 1957 aliviacha, na yeye mwenyewe aliandika kwamba mwaka huo Mungu alimwamsha kiroho. Mwezi wa Desemba mwaka 1964 alirekodi kazi ya sehemu nne iitwayo "A Love Supreme" kama sadaka ya shukrani. Sehemu ya mwisho inaitwa "Psalm", yaani Zaburi. Alikuwa ameandika sala ndefu ya sifa, ikachapishwa kwenye jalada la santuri. Kisha katika sehemu hiyo ya nne akaisoma sala kwa saksafoni, silabi kwa silabi, bila kufungua kinywa kusema. Kwa mtu ambaye koo lake limefunga, hiyo ni habari njema kubwa: sala inaweza kupita kwenye pumzi tu. Nakiri kwamba sehemu ya tatu ina makelele mengi kwa sikio lisilozoea. Vumilia ifike ya nne.

Wa nne ni wa utulivu kabisa. Arvo Pärt wa Estonia alipitia miaka kadhaa akitunga kidogo sana, akisikiliza nyimbo za kale za kanisa, mpaka mwaka 1976 alipopata namna mpya ya kutunga, yenye noti chache mno. Mwaka 1978 alitunga "Spiegel im Spiegel", jina lenye maana ya kioo ndani ya kioo, kwa piano na fidla. Piano inapiga noti tatu tatu taratibu, fidla inapanda hatua moja na kurudi, kisha mbili na kurudi. Basi. Mimi huusikiliza saa tisa za usiku ninapoamka na kukuta upande wa pili wa kitanda ni baridi. Hauniambii nifurahi, wala haunihimizi. Unakaa nami kama jirani mwema anayekuja matangani, akavuta kiti, asiseme kitu.

Wa tano ni kwa ajili ya vijana, na kwa wazee wanaodhani vijana hawasikii kitu cha maana. Mtunzi Mmarekani Christopher Tin alitakiwa kutunga muziki wa kufungulia mchezo wa kompyuta uitwao Civilization IV, uliotoka mwaka 2005. Akaichukua Sala ya Bwana kwa Kiswahili, akaiita "Baba Yetu". Mwaka 2011 ilipata tuzo ya Grammy, na ilikuwa mara ya kwanza kwa muziki uliotungwa kwa ajili ya mchezo wa kompyuta kupata tuzo hiyo. Hivyo vijana wa mataifa mengi, wengine wasiowahi kuingia kanisani, wamejifunza kuimba Sala ya Bwana kwa lugha yetu wakiwa wamekaa mbele ya mchezo. Mjukuu wangu alinisikilizisha akicheka, nami nikajikuta naimba sauti ya nne pamoja na kwaya ile. Ilikuwa mara ya kwanza sauti yangu kutoka tangu mazishi.

Najua lipo swali. Mzee mmoja wa kanisa, ninayemheshimu sana, aliniuliza: "Mwalimu, jazi, bluzi, michezo ya kompyuta, hayo yanatujenga kweli?" Ni swali halali, na Biblia haituruhusu kupokea kila kitu. Paulo anawaagiza Wathesalonike wayajaribu mambo yote na kulishika lililo jema. Lakini kujaribu ni pamoja na kusikiliza. Na Paulo huyo huyo, akiwaandikia Waefeso, anataja zaburi, tenzi na nyimbo za rohoni, aina tatu kwa pumzi moja. Mimi hujiuliza maswali mawili baada ya wimbo kwisha: je, umenisogeza karibu na kweli au umenidanganya? Je, naweza sasa kusali, au nataka kuikimbia sala? Zipo nyimbo zenye jina la Yesu katika kila mstari ambazo hushindwa mtihani huo, kwa sababu zinaniahidi kwamba mwenye imani halii.

Nilimkumbusha mzee jambo lingine. Mwaka 1966, Bernard Kyamanywa, Mhaya aliyekuwa akisomea uchungaji Makumira, alitunga wimbo wa Pasaka, "Mfurahini, Haleluya". Tumekua nao, tunaudhani ni wa kale kama kanisa lenyewe. Leo umo katika kitabu cha nyimbo cha Walutheri wa Ujerumani, namba 116, na Wajerumani wanauimba kila Pasaka. Kwao ulikuwa wimbo mpya kutoka mbali, wenye mapigo ambayo miguu yao haikuyazoea. Mtu fulani kule aliukaribisha. Sisi tumekuwa tukiimba nyimbo zao kwa zaidi ya miaka 100, nao wakapokea wetu. Mzee alitabasamu, akasema, "Basi niwekee huo wa saksafoni, lakini sauti iwe ya chini."

Ukitaka kuanza, anza kidogo. Chukua wimbo mmoja kwa wiki. Uusikilize mara tatu: mara ya kwanza bila kufanya kazi nyingine, mara ya pili ukiwa umesoma habari ya aliyeutunga, mara ya tatu kama sehemu ya sala yako. Usipoupenda, uache kwa amani. Mungu hakutulazimisha kupenda kila kitu. Na usiache nyimbo zako za zamani. Mimi zilinirudia, moja moja, katika mwaka wa pili. Sasa ninapoimba zile za mazishi, namsikia mke wangu kwenye sauti ya pili, na ninaweza kumaliza beti zote.

Jambo la mwisho ni kwa jumuiya zetu. Tunajua sana kumwimbia mfiwa katika wiki ya kwanza. Mwezi wa tatu, nyumba ikiwa kimya na viti vya kukodi vimesharudishwa, ndipo wengi wanapotundika vinubi. Ukienda kumtazama wakati huo, pamoja na sukari na unga, mpelekee wimbo mmoja ambao hajawahi kuusikia. Keti naye mpaka uishe, kisha msali pamoja, au mnyamaze pamoja, kwa kadiri atakavyoweza.