Ukisikia "Honestly", Uliza Nani Analipa

Wakenya tunalipenda sana neno "honestly". Mtu hajajua hata atasema nini, "honestly" limeshamtoka. Likikosekana lipo "frankly", lipo "actually", lipo "to be honest". Na kwa Kiswahili tusijitoe: kusema ukweli, kwa kweli, wallahi, na lile "aki" la kila siku, ambalo ni "haki ya Mungu" iliyokatwa mbele na nyuma mpaka Mungu mwenyewe hayumo tena.

Mimi kazi yangu ni kuongea mbele ya simu, kwa hivyo haya maneno nayasikia mpaka usingizini. Leo acheni niseme yangu.

Kwanza tuelewane. Kwa Kiingereza neno hili lina kazi mbili. Ukisema "she answered honestly", unaeleza vile huyo dada alijibu. Ukilivuta mbele, "honestly, she answered", halimhusu tena yeye, linakuhusu wewe msemaji. Kiswahili kinazitenga hizo kazi: "alijibu kwa uaminifu" ni sifa yake, lakini "kusema ukweli, alijibu" ni mimi najipa cheti. Na cheti cha kujiandikia mwenyewe, hata pale shuleni hakikukubaliwa.

Sasa angalia linapotumika. Hapa Golbanti sijawahi kusikia mtu akisema, "Kusema ukweli, mto umejaa." Mto ukijaa watu wanasema, "Maji yamekuja," na magodoro yanaanza kukunjwa. Maji ya Tana yanashuka kutoka juu, kwenye yale mabwawa matano: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Masinga, ambalo ndilo la kwanza, linajaa likifika mita 1,056.5 juu ya usawa wa bahari. Likipita hapo linamwaga, na hayo maji mwisho wake ni kwetu huku delta. Watu wa huku walihama 2018, wakahama tena kwenye mvua za El Niño mwisho wa 2023. Kwa jambo kama hilo, onyo la maana linakuja na nambari: bwawa limefika hapa, nyinyi wa mabondeni hameni. Mtu anayebeba mtoto na mbuzi hataki kiapo, anataka kujua maji yamefika wapi.

Njoo basi msimu wa maembe. Dalali anafika na lori, anazunguka mti mara mbili, anaguna. "Mama, kusema ukweli, soko limeanguka. Mimi mwenyewe hapa sipati kitu, nakusaidia tu." Ona lilipokaa hilo "kusema ukweli". Limekaa mahali ambapo bei ya Kongowea ingekaa. Dalali anaijua bei, mama haijui, na embe lililoiva halingoji mtu akafanye utafiti Mombasa. Jirani yetu mmoja amejifunza dawa yake. Anamwambia dalali kwa upole kabisa, "Ngoja kidogo mwanangu, nimpigie mpwa wangu aliye sokoni." Hajamaliza hata kutafuta jina kwenye simu, bei imepanda.

Msinielewe vibaya, sisemi kila anayetumia haya maneno ni mwongo. Kuna rafiki yangu alinipigia akaniambia, "Ndugu yangu, kusema ukweli, ile video ya wiki jana imenichosha." Hapo neno lilikuwa hodi. Alijua anaingia na jambo chungu, akabisha kwanza. Na angeweza kunipoteza kwa kusema vile. Hiyo ndiyo tofauti ninayoiona mimi. Kama ukweli unamgharimu anayeusema, msikilize. Kama unamwingizia pesa, hesabu vidole vyako baada ya kusalimiana.

Hili kwangu si nadharia. Kuna watu wa matangazo walinitafuta nitangaze programu ya mikopo ya simu. Wakaniletea maneno ya kusema, na sentensi ya kwanza ilikuwa, "Honestly watu wangu, hii kitu imenitoa mbali." Sijawahi kukopa huko hata shilingi. Nikawaomba wanipe riba na siku za kulipa, nizitaje mimi mwenyewe kwa sauti yangu. Wakajibu kwamba hiyo itaharibu ladha ya video. Malipo yalikuwa shilingi 15,000, na kwa mtu aliyeacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, hizo si pesa za kuchezea. Nilikataa. Si utakatifu, ni jiografia. Wanaonitazama ni watu wa Garsen, Minjila, Ngao, Tarasaa. Akikopa kwa sababu yangu akashindwa kulipa, nitapanda pikipiki yake wiki ijayo. Tena Kenya tuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inayokataza maelezo ya uongo na ya kupotosha kuhusu bidhaa na huduma. "Honestly" si kinga.

Nikiwa bado kwenye hayo ya karo: barua ya deni niliyoletewa na chuo haikuwa na "honestly" wala "frankly". Ilikuwa na jina langu, kiasi, na tarehe ya mwisho. Iliniuma, lakini sikuwahi kujiuliza kama inanidanganya.

Kuna kitu kimoja nilikisoma juu ya "frankly" ambacho kilinikalisha chini. Asili yake ni Wafranki, wale walioitwaa nchi ya Gaul ambayo leo ni Ufaransa. Kwa kuwa wao ndio walikuwa watu huru kamili huko, jina lao likaja kumaanisha "huru", na baadaye mtu asemaye bila woga. Sasa linganisha na neno letu la pwani, muungwana. Nalo zamani lilimaanisha mtu huru, asiye mtumwa. Maneno mawili yametoka uhuru, yakaachana njiani. La Kiingereza likaelekea kwenye mdomo. La kwetu likaelekea kwenye mwenendo, ndiyo maana wazee wanasema uungwana ni vitendo. Mimi nafikiri wazee walichagua vizuri. Mtu anayelipwa kwa kila neno hawezi kuwa huru kwa kuongeza neno moja mbele.

Kwa hivyo ukisikia mtu ameanza na "honestly", fanya hivi. Lifute hilo neno kichwani, halafu tazama kimebaki nini. Ikibaki bei, kiwango, tarehe, jina la anayelipa, mshukuru. Isipobaki kitu, weka simu mfukoni, na mkono uache huko huko juu ya pesa zako.

Na mimi nipimeni hivyo hivyo. Video yangu ijayo ni bei za maembe, ngowe na boribo, hapa shambani na kule Kongowea, siku hiyo hiyo. Yule mpwa amekubali kunitumia nambari.