Mguu wa Kushoto

Gari la mjomba wangu lina injini ambayo halikuzaliwa nayo. Ni Toyota Prado LJ78, ile ya pembepembe ya mwanzoni mwa miaka ya tisini, iliyotoka Japani na injini ya 2L-TE, dizeli ya cc 2,446 yenye tabo. Mafundi wanaijua injini hiyo kwa ugonjwa mmoja: ikichemka, silinda hedi hupasuka. Yetu ilipasuka ikipanda kutoka Masasi kwenda Newala, imebeba mifuko ya salfa ya mikorosho. Mjomba akanunua 1KZ-TE ya mtumba, cc 2,982, injini ambayo Toyota wenyewe walianza kuifunga kwenye Prado za mwili huohuo mwaka 1993. Ilikuja na giaboksi yake ya mkono. Ikafungwa, na maisha yakaendelea kwa miaka.

Kisha mjomba akapata kiharusi.

Kilimpiga upande wa kushoto. Mkono umerudi vizuri, anashika kikombe na kufunga vifungo vya shati. Mguu umerudi nusu. Anatembea na fimbo, lakini hawezi kukanyaga klachi, kuishikilia chini, kisha kuiachia taratibu. Mguu wa kulia, wa mafuta na breki, hauna shida yoyote. Kwa hiyo gari likakaa chini ya mwembe, kuku wakawa wanataga chini yake, na mjomba akawa anakaa barazani akilitazama.

Lazima nieleze gari ni nini kule kwetu. Uwanda wa Makonde ni nchi ya juu yenye mchanga, na juu yake hakuna mto. Mvua ikinyesha huzama. Ukisimama Shimo la Mungu pale Newala unaona bonde la Ruvuma limetandazwa chini yako hadi Msumbiji, maji yako huko, na wewe uko huku. Maji ya bomba husukumwa kwa pampu kutoka mabondeni, na yakikatika, mwenye gari ndiye kisima cha majirani. Mjomba alikuwa akibeba mapipa mawili ya lita mia mbili kila safari. Alibeba pia wajawazito, na wagonjwa wa kwenda Mkomaindo kule Masasi, na maiti mara mbili au tatu. Hakuwahi kuwa na kituo cha kazi, lakini ukimuuliza mtoto yeyote mtaani kwetu, atakuambia Mzee anafanya kazi ya gari.

Tena, kwetu ukoo hufuata mama. Mjomba ndiye aliyekaa mkekani siku ya kuamua nani aendelee na shule, na aliposema jina langu hakuna aliyebisha. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye korosho zake. Leo nasoma uzamili wa isimu Dar es Salaam, na ndugu walipokutana kujadili gari, mapendekezo yakawa matatu: liuzwe, atafutwe dereva, au libadilishwe giaboksi liwe otomatiki. Kuuza, mjomba alikataa kwa kunyamaza. Dereva, alikataa kwa maneno. Likabaki la tatu, na kwa kuwa mimi ndiye ninayeishi karibu na maduka ya spea, nikapewa kazi hiyo kama mtu anavyopewa kikapu cha kwenda sokoni.

Kwa miezi miwili tasnifu yangu ilikaa upande mmoja wa meza na vitabu vya ufundi vya Toyota upande wa pili. Nilianza bila kujua hata kitu kinachochukua nafasi ya klachi. Ni chombo cha mviringo kinachoitwa konveta, kimejaa oili. Ndani yake mna feni mbili zinazotazamana. Moja inazungushwa na injini na kuirusha oili, nyingine inapokea ile oili na kuzungusha giaboksi. Hazigusani. Ndiyo maana gari linaweza kusimama likiwa kwenye gia bila kuzimika, na ndiyo maana linaondoka mchangani kwa ulaini ambao dereva wa klachi huupata baada ya miaka mingi ya mazoezi. Lakini oili inayochapwa hivyo hupata joto, na joto ndilo linaloua giaboksi za otomatiki kuliko kitu kingine. Kupanda uwandani polepole, na kilo mia nne za maji nyuma, ni hali mbaya kuliko zote.

Kulikuwa na njia tatu.

Ya kwanza ilikuwa giaboksi ya gia tano kutoka Prado 120 za baadaye. Kijana wa dukani Ilala aliisifia sana, na ni nzuri kweli. Tatizo ni kwamba ilizoea kuongea na kompyuta ya injini nyingine. Kuifunga nyuma ya 1KZ kungehitaji kompyuta ya kununuliwa nje. Ikiharibika Newala, ingebaki imeharibika.

Ya pili ilikuwa pendekezo la fundi wetu wa Masasi: tutafute giaboksi ya zamani zaidi, ya gia nne, inayobadilisha gia kwa nguvu ya oili peke yake, bila kompyuta wala waya. "Dada," aliniambia kwenye simu, "waya na vumbi havikai nyumba moja." Niliipenda hoja yake. Lakini hizo za umri huo zilizobaki sokoni zimechoka.

Ya tatu ilikuwa giaboksi ya Prado ileile ya 1KZ iliyozaliwa otomatiki. Ni ya familia ya A340 ya Aisin, gia nne, ndugu wa zile zilizofungwa kwenye Hilux Surf na hata kwenye Supra. Inakaa kwenye chesisi yetu bila kukata kitu. Propela shafti zake, kilemba chake cha kushikia, sanduku lake la gia za kuvuta magurudumu manne, vyote vinatoka kwenye gari moja. Lakini ina kompyuta, na hapo fundi alikuwa na haki ya kukunja uso.

Kilichonifanya niichague nilikisoma usiku mmoja kwenye kitabu cha ufundi. Kwenye giaboksi za familia hii, kompyuta huchagua gia kwa kuwasha na kuzima vali mbili za umeme. Waya za vali hizo zikikatika zote, gari halisimami. Ukiweka mkono kwenye L unapata gia ya kwanza, kwenye 2 unapata ya tatu, kwenye D unapata ya nne. Dereva anakuwa anabadilisha mwenyewe kwa mkono wake, bila klachi. Mtu aliyeichora alifikiria siku ambayo waya zitaliwa na panya. Nikampigia fundi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi hiyo inakaa na vumbi."

Bei ilikuwa karibu sawa na ada yangu ya muhula mmoja. Tulisubiri korosho. Kwa utaratibu wa stakabadhi ghalani mkulima hapeleki korosho na kurudi na fedha. Anapeleka kwenye chama cha msingi, zinakwenda ghalani, mnada unafanyika, malipo yanaingia benki. Yalipoingia, mjomba alituma fedha zote bila kuuliza risiti.

Aliyeuliza ni mama yangu.

Mama ni mdogo wake, na wakati wote nikihangaika na spea alikuwa hajasema kitu. Siku nilipofika nyumbani alinikuta natandika karatasi zangu mezani. "Nimesikia mguu umepata dawa," alisema. "Na macho?"

Sikumwelewa, akanieleza. Tangu augue, kaka yake alikuwa anaacha ugali wa upande wa kushoto wa sahani. Si mara zote. Lakini mama aliona. Na barabarani kwetu dereva anakaa kulia, kwa hiyo kushoto ndiko kuliko ukingo wa njia, baiskeli, mbuzi na watoto wa shule.

Nilikuwa nimesoma kurasa mia mbili kuhusu giaboksi na hata moja kuhusu ubongo. Kiharusi kinachodhoofisha kushoto mara nyingi kimeumiza upande wa kulia wa ubongo, na upande huo ndio hutuwezesha kuuangalia ulimwengu wote kwa usawa. Ukiumia, mtu anaweza kuona vizuri kabisa na bado akaupuuza upande wake wa kushoto, kana kwamba haupo. Hakuna giaboksi inayotibu hilo.

Tulimpeleka kwa daktari. Alimpa karatasi yenye vistari vingi vilivyotawanyika na kumwambia avikate vyote kwa kalamu. Akamwambia achore uso wa saa. Akasimama mbele yake, akawa anachezesha vidole pembeni, kulia, kushoto, kisha pande zote mbili kwa pamoja. Mjomba alikata vistari vyote. Saa yake ilikuwa na namba zote kumi na mbili, saba hadi kumi na moja zikiwa zimebanana kidogo lakini zipo. Daktari alisema hali hiyo huwa inapungua katika miezi ya kwanza, na kwake ilikuwa imepungua sana. Aliruhusu mazoezi, mchana tu, akiwa na mtu pembeni, na arudi kupimwa kabla ya kuendesha peke yake. Mama aliomba zile karatasi mbili. Amezihifadhi kabatini pamoja na vyeti vya ubatizo.

Kazi ya kufunga ilichukua siku sita. Tuliongeza kipoozeo cha pili cha oili mbele ya rejeta na kigeji cha joto la oili karibu na usukani. Waya ya mafuta inayoshuka hadi kwenye giaboksi fundi aliirekebisha mara tatu, kwa sababu ndiyo inayopanga shinikizo la oili ndani, na ikilegea klachi za ndani huteleza na kuungua. Siku ya mwisho nilimwomba achomoe plagi ya vali. Tukaenda hadi njia panda na kurudi, L, 2, D, injini ikilalamika lakini gari likitembea. Fundi alicheka peke yake njia nzima.

Kuna kitu kimoja tulichopoteza. Gari la otomatiki haliwashwi kwa kusukumwa, maana pampu ya oili inazungushwa na injini, na injini isipozunguka hakuna shinikizo la kuzishika gia. Maisha yake yote mjomba ameegesha gari likiangalia mteremkoni, kwa ajili ya siku ya betri mbovu. Nilimweleza kwamba haina maana tena. Tumemnunulia betri ya pili. Bado anaegesha likiangalia mteremkoni.

Asubuhi ya kwanza aliwasha, akaweka D, kisha akabaki amesimama.

"Shida nini, Mjomba?"

"Mguu huu niuweke wapi?"

Ule wa kushoto ulikuwa umeenda wenyewe kutafuta klachi, dhaifu hivyohivyo. Nilimwambia auvute nyuma, aukalishe tu. Akaukalisha kama mtu anavyomkalisha mtoto, kwa mkono, kisha tukaondoka.

Mwezi uliofuata alikuwa na miadi Mkomaindo. Nilidhani nitakaa mbele, lakini mama alikuwa tayari ameingia, kiti cha kushoto, mkoba mapajani. Njia nzima ya kuteremka kutoka uwandani, mjomba akiwa kwenye 2 ili injini ishike gari na breki zipumzike, mama alikuwa akitaja vitu kwa sauti ya kawaida, kama anayesoma orodha ya wanafunzi.

"Baiskeli."

"Nimeiona."

"Mama na mtoto."

"Nimewaona."

"Mbuzi, Kaka."

Hakujibu. Alikuwa ameshapunguza mwendo.