Viatu vya filamu na lehenga yetu



Kuna viatu vyekundu vilivyotumika kwenye filamu ya The Wizard of Oz ya mwaka 1939. Desemba 2024 viliuzwa mnadani Marekani kwa dola milioni 32.5, pamoja na ada za mnada. Vilikuwa vimeibwa makumbusho mwaka 2005, mwizi akidhani vina rubi za kweli, kumbe ni vimetameta na shanga za kioo! Vilipopatikana 2018, FBI walivipeleka makumbusho ya Smithsonian, ambako ipo jozi nyengine. Mafundi walipovilinganisha wakakuta vimechanganyika: cha kushoto cha jozi hii mwenzake ni cha kulia cha jozi ile. Sisi washonaji tulicheka kwa raha, maana mkono wa fundi una alama zake.

Kisha tukaona aibu. Dukani tulikuwa na lehenga ya kukodisha, tuliyouziwa kwa maneno kwamba imevaliwa kwenye filamu ya Kihindi. Tukaipandisha bei, na mabibi harusi wakalipa. Mfungo Sita akaja mmoja akauliza, "Dada, ushahidi upo?" Hatukuwa na picha, wala risiti, wala jina la filamu. Hadithi yote ilitoka mdomoni mwa muuzaji, nasi tukaipokea kwa kuwa inatuingizia pesa.

Tumewatafuta tuliowakodisha, tukawarudishia ile ziada. Wawili bado hatujawapata. Lehenga ipo, zari yake nzuri mashallah, inakodishwa kwa bei ya lehenga.